Maswali ya Wasomaji: Hisani na klabu za mchezo za watoto wenye usonji

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi kuhusu klabu ambamo watoto wenye usonji hukutana mara moja kwa wiki ili wacheze pamoja wakiwa na watu wazima wachache wa kuwasimamia, na tukataja kwamba nyingi kati ya hizo huendeshwa kwa fedha za wahisani. Barua zilizotufikia baadaye zilizidi nafasi ya ukurasa huu. Tumechagua sita, tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

*Mhariri, salaam. Mwanangu ana miaka minane na ana usonji. Shirika moja la hisani limefungua klabu ambako watoto sita hukutana kila Jumamosi wakajenga vitu kwa vitofali vya plastiki, basi. Hakuna ubao, hakuna daftari, hakuna daktari. Mume wangu anasema muda huo ungetumika kwa mafunzo ya kuzungumza. Kucheza tu kunamsaidia nini mtoto? — Mama mwenye mashaka*

Mama, mashaka yako yana msingi, na katika swali lako lote neno lililonivuta ni hilo "tu". Mtoto asiye na usonji anapotoka darasani kwenda uwanjani wakati wa mapumziko hajui kwamba anafanya kazi kubwa. Anachuja kelele za wenzake, anasoma nyuso, anabashiri nani anatania na nani amekasirika kweli, na anafuata kanuni za mchezo ambazo hakuna aliyezitamka na ambazo hubadilika mchezo ukiwa katikati. Kwa watoto wengi wenye usonji mambo hayo huja yote kwa mpigo, bila kuchujwa, na ndiyo sababu utamkuta mtoto mwenye akili nyingi na maneno mengi amesimama peke yake kando ya uzio. Uwanja huo umetengenezwa kwa namna inayomchosha kabla hajaanza kucheza, hata kama anawapenda wenzake.

Klabu nzuri huupunguza uwanja huo mpaka ukamtosha mtoto. Watoto ni wachache, kelele ni ndogo, kanuni zinajulikana, na kuna kitu mezani ambacho kila mmoja anakipenda. Njia hii ya vitofali ina historia yake. Daniel LeGoff, mwanasaikolojia aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliwaona watoto wawili waliokuwa wakija kutibiwa kwake, kila mmoja kwa zamu yake, wamekutana kwenye chumba cha kusubiria huku kila mmoja akiwa na Lego zake, yaani vitofali vya plastiki vya kuunganisha kama hivyo vya klabu yenu. Wakaanza kuonyeshana na kuzungumza bila kusukumwa na mtu mzima yeyote. Kile alichokuwa akijitahidi kuwafundisha ofisini walikuwa wakikifanya wenyewe kwenye viti vya kusubiria. Kutokana na jambo hilo alibuni vikundi vya ujenzi, na mwaka 2004 alichapisha matokeo yake ya kwanza.

Siri ya vikundi hivyo ni mgawanyo wa kazi. Mtoto mmoja ni mhandisi: anashika mchoro na kueleza kipande gani kinahitajika. Wa pili ni mgavi: anakitafuta kipande hicho na kukitoa. Wa tatu ni mjenzi: anakiweka mahali pake kwa kufuata maelezo ya mhandisi. Hakuna anayeweza kumaliza peke yake, kwa hiyo kuzungumza kunakuwa na sababu ambayo mtoto mwenyewe anaiona. Baada ya muda wanabadilishana nafasi. Mhandisi akisema "kile chekundu" na vyekundu vipo kumi na viwili, mgavi atauliza kipi, na hapo mtoto amejifunza kwamba mwenzake haoni kilicho kichwani mwake. Somo hilo unaweza kulirudia ubaoni mwaka mzima lisiingie. Mtu mzima aliyefunzwa vizuri hakimbilii kutatua ugomvi, husema kwa utulivu, "Naona wote wawili mnakitaka kitofali kimoja, tufanyeje?" kisha akasubiri, na kusubiri huko ndiko kugumu kuliko yote.

Sasa niseme ukweli kuhusu ushahidi, maana mama anayetoa Jumamosi zake anastahili kuujua. Utafiti mdogo uliochapishwa Uingereza mwaka 2008 ulilinganisha vikundi vya Lego na mafunzo ya matumizi ya lugha katika jamii kwa watoto wa miaka 6 hadi 11, na vikundi vya Lego vilionyesha nafuu katika baadhi ya vipimo vya mahusiano. Baadaye ulifanyika utafiti mkubwa zaidi huko huko Uingereza, uliohusisha shule 98 na watoto na vijana 250 waliogawanywa kwa bahati nasibu kati ya wenye vikundi vya Lego na wasio navyo. Tofauti iliyopatikana katika stadi za kijamii ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba mwanao atatoka klabu akiwa mtoto mwingine anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Unachoweza kutarajia ni mtoto mwenye mahali pa kwenda, wenzake wanaolijua jina lake, na mazoezi ya kila wiki ya kuomba, kungoja na kupatana.

Mafunzo ya kuzungumza, kama mmeyapata, msiyaache. Mambo haya mawili hayagombani. Mwambie baba yake aende naye Jumamosi moja, akae kando, na ahesabu mwanao amemgeukia mwenzake mara ngapi kwa hiari yake. Baada ya hapo mtazungumza mkiwa mmeona kitu kimoja.

*Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wazazi kinachoendesha klabu ya watoto kumi wenye usonji. Tumeahidiwa msaada wa mwaka mmoja. Mfadhili anataka fedha zote ziende kwenye vifaa, na mwishoni tumpelekee takwimu za watoto "walioboreka". Tunaogopa kumpinga tusije tukakosa vyote. — Mweka hazina*

Ndugu mweka hazina, umegusa penye jipu. Nimesoma maombi mengi ya aina hii, na karibu kila mara fedha rahisi kupata ni za kununua kitu kinachopigika picha, ilhali klabu hufa kwa kukosa kitu kisichopigika picha.

Tuanze na vifaa. Vitofali vya Lego vya mfumo uliosajiliwa mwaka 1958 bado vinashikamana na vinavyotoka kiwandani leo. Maana yake ni kwamba sanduku moja zuri, likitunzwa, litawapita watoto wenu wote na kuwafikia watakaokuja baada yao. Mtu mzima aliyezoeleka hana sifa hiyo: anahitaji nauli wiki hii na wiki ijayo, anahitaji posho au mshahara, anahitaji kufunzwa, na akiondoka huondoka na mambo aliyoyajua, kwa mfano kwamba mtoto fulani akianza kuvuta ukosi wa shati lake amebakiza dakika mbili kabla ya kulemewa. Kwa watoto ambao utulivu wao unategemea kujua nini kitatokea na nani atakuwepo, kubadilisha wasimamizi kila baada ya miezi mitatu ni sawa na kuanzisha klabu mpya mara nne kwa mwaka.

Kwa hiyo, mkirudi kwa mfadhili, msimwambie kwamba amekosea. Mpelekeeni bajeti inayofuata Jumamosi moja kuanzia mlango unapofunguliwa hadi unapofungwa. Aone kwamba watoto kumi hawawezi kukaa meza moja, kwa sababu kazi ya mhandisi, mgavi na mjenzi ni ya watu watatu au wanne, na hivyo mnahitaji meza tatu na mtu mzima katika kila meza. Aone kwamba mtoto mmoja akilemewa lazima mtu mwingine atoke naye huku meza yake ikiendelea, na kwamba kwa usalama wa watoto mtu mzima hapaswi kujifungia peke yake na mtoto chumbani; chumba cha utulivu kiwe na mlango wazi na kiwe mahali panapoonekana. Aone gharama ya ukumbi, ya usafiri kwa familia zinazokaa mbali, na ya siku mbili za mafunzo kabla ya kuanza. Vifaa viwekwe mwishoni, kwa ukubwa wao halisi. Mfadhili mwenye nia njema akiliona jambo kwa mpangilio huo huwa analainika, na asipolainika mwombeni angalau alipe ukumbi na nauli, kisha vifaa mvitafute kwa wazazi ambao watoto wao wamekua.

Muhimu zaidi ni muda. Kama mna nafasi ya kuchagua kati ya kiasi kikubwa cha mwaka mmoja na kiasi kilekile kilichogawanywa kwa miaka mitatu, kwa maoni yangu chukueni miaka mitatu na mpunguze idadi ya watoto. Najua ripoti itaonekana nyembamba. Hata hivyo urafiki wa watoto hawa huchukua muda kuota, na utafiti wa pili wa LeGoff, aliouchapisha mwaka 2006 akiwa na Michael Sherman, uliwafuatilia watoto kwa miaka mitatu mizima, si kwa wiki kumi na mbili.

Sasa lile neno "walioboreka". Hapa simameni imara. Mfadhili akilielewa kwa maana ya mtoto anayeonekana kuwa na usonji kidogo kuliko zamani, yaani anayetazama watu machoni kwa lazima, asiyepunga mikono akifurahi, asiyezungumzia treni, mtakuwa mmelipwa kumfundisha mtoto kujificha. Watu wazima wengi wenye usonji wamesimulia uchovu na huzuni waliyoipata kwa kuishi hivyo. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi ambaye yeye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana kati ya watu wenye usonji na wasio nao ni kwa pande mbili: huyu hamsomi yule, na yule hamsomi huyu. Miaka minane baadaye, mtafiti Catherine Crompton na wenzake waliwapa watu wazima hadithi ya kupokezana, mmoja akimsimulia mwenzake hadi wa mwisho. Mlolongo wa watu wenye usonji pekee uliifikisha hadithi vizuri sawa na mlolongo wa wasio nao, na taarifa zilipotea zaidi pale walipochanganywa. Walioshiriki walikuwa watu wazima, kwa hiyo tusiyabebe matokeo hayo moja kwa moja hadi kwa watoto. Lakini yanatosha kumfanya mfadhili ajiulize kama upungufu anaotaka urekebishwe uko ndani ya mtoto peke yake.

Mnaweza kumpa takwimu zisizomdhalilisha mtoto, na tena mfano mnao. LeGoff alihesabu vitu vinavyoonekana: ni mara ngapi mtoto anamwendea mwenzake bila kuambiwa, na mazungumzo au mchezo unaofuata unadumu kwa muda gani, na alihesabu hayo nje ya kikundi, pale ambapo hakuna mtu mzima anayeongoza mchezo. Hesabuni hivyo mara tatu kwa mwaka. Ongezeni mahudhurio, maana mtoto anayekataa kuvaa viatu siku nyingine lakini anavivaa mwenyewe siku ya klabu amekwisha kujaza dodoso. Ongezeni maneno ya watoto wenyewe, kwa kusema au kwa kuonyesha picha: nini walipenda, nini hawataki kirudiwe. Andikeni pia yaliyoshindikana. Ripoti isiyo na doa humfanya mfadhili makini ashuku.

*Sisi ni wafanyakazi ishirini na wanne wa ofisi moja. Tumechangishana na tungependa kununua vitu vya kuchezea, kisha twende wote siku moja kwenye klabu ya watoto wenye usonji kuvikabidhi, kucheza nao na kupiga picha za kumbukumbu. Mnatushauri tununue nini? — Wafanyakazi wenye nia njema*

Ndugu zetu, nia yenu tumeiona na tunawashukuru kwa kuuliza kabla ya kununua, maana wengi huuliza baada. Jibu la kwanza ni kwamba msiende wote. Watu wazima ishirini na wanne wasiojulikana, wakiingia kwa pamoja katika chumba chenye watoto kumi ambao wameizoea Jumamosi yao ilivyo, wakiwa na makofi, maputo na kamera, wataivunja siku hiyo, na huenda wakaivunja na inayofuata. Pigeni simu kwanza. Mwombeni msimamizi awaambie wanachopungukiwa, na msishangae akisema ni nauli, au ni rafu yenye visanduku vya kutenganisha vipande kwa rangi, au ni vifuniko vya masikio vya kupunguza kelele. Akisema hana haja ya vitu vya kuchezea, mwamini.

Kama mnaweza, badala ya kutoa mara moja, kubalianeni kukatwa kiasi kidogo kila mwezi kwa mwaka mzima. Klabu inayojua mwezi ujao kitaingia nini inaweza kumwahidi msimamizi wake kazi, na hiyo ni zawadi ambayo watoto wataipata kila wiki bila kujua imetoka wapi. Kisha chagueni wawili kati yenu wenye subira, wafunzwe, wakaguliwe kama mtu yeyote anayefanya kazi na watoto, na wawe wakienda mara kwa mara mpaka wazoeleke. Sharti hilo la kukaguliwa lisiwaudhi. Klabu inayompokea mgeni yeyote mwenye sanduku mkononi ndiyo ya kuogopwa.

Kuhusu picha: nikiri kwamba nimechoka na ile hundi kubwa ya kadibodi, ambayo huchukua nafasi zaidi ya watoto waliosimamishwa mbele yake. Mtoto ana haki ya kutotangazwa. Picha ya mtoto ikichapishwa pamoja na neno usonji itabaki hata atakapokuwa mtu mzima anayetafuta kazi, na mzazi anayehofia kukosa nafasi ya klabu si huru kukataa. Pigeni picha mnara waliojenga, au mikono ikiwa kazini, tena kwa ruhusa. Mkikosa hata hiyo, risiti yenye muhuri inatosha kuwaonyesha wenzenu fedha ilikokwenda.

*Mimi ni bibi wa mtoto wa miaka sita asiyezungumza. Nilimpeleka kwenye klabu nikaambiwa ile ni ya watoto wanaosema na wanaoweza kufuata maelekezo. Je, hakuna mchezo kwa mjukuu wangu? — Bibi*

Shikamoo, Bibi. Mchezo upo, na nimehuzunika kusikia ulivyojibiwa, ingawa nadhani najua jibu hilo lilitoka wapi. Klabu inayopimwa kwa matokeo ya haraka huchagua watoto watakaoyatoa haraka, na wahisani, bila kukusudia, huwalipa kwa kufanya hivyo. Mtoto asiyezungumza huhitaji mtu mzima wake peke yake, huhitaji muda, na kwenye ripoti huenda mwaka mzima ukajaza mstari mmoja.

Ni kweli kwamba kazi ya mhandisi na mgavi inamtaka mtoto aelewe na aeleze, ingawa hata hapo kadi za picha au ishara za mikono hufanya kazi ya maneno, na mgavi anaweza kuwa mgavi hodari bila kutamka neno. Lakini kuna kucheza kwa aina nyingine. Mildred Parten, aliyewachunguza watoto wadogo wakicheza na kuchapisha matokeo mwaka 1932, alitofautisha mtoto anayecheza peke yake, anayetazama wenzake, anayecheza kando ya mwenzake kwa vitu vinavyofanana bila kuchangamana, na wale wanaoshirikiana. Tumezoea kuhesabu ile ya mwisho tu kuwa ndiyo mchezo. Mjukuu wako akimimina maji kwenye beseni huku mtoto mwingine akimimina ya kwake pembeni, na wote wawili wakacheka povu linapopanda, wako pamoja. Maji, mchanga, ngoma, bembea na kamba hutosha. Mtu mzima anayejua kazi yake huanza kwa kumwiga mtoto: akigonga mara mbili, naye anagonga mara mbili, mpaka mtoto agundue kwamba kuna mtu anamjibu.

Rudi kwa msimamizi, Bibi, au mwandikie mfadhili mwenyewe, uulize swali moja: mtoto asiyezungumza atacheza meza gani? Wakisema hawana mtu wa kukaa naye, basi hilo ndilo pengo ambalo fedha ya hisani inapaswa kuliziba kabla ya kununua kitofali kingine.

*Kwa nini wazazi tuombeombe? Je, mchezo si haki ya mtoto? — Baba*

Ni haki, tena imeandikwa. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinatambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza, na kifungu cha 30 cha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 kinazitaka nchi zihakikishe kwamba watoto wenye ulemavu wanashiriki michezo na burudani sawa na wenzao, ikiwa ni pamoja na shuleni. Shule yenye kona tulivu uwanjani, na mwalimu mmoja aliyefunzwa kuongoza meza ya mchezo wakati wa mapumziko, ingepunguza foleni kwenye klabu za hisani. Lakini haki iliyo kwenye karatasi haifungui mlango Jumamosi hii, na mwanao ana umri wake leo. Pokeeni msaada, wekeni kumbukumbu za kazi yenu vizuri, kisha zipelekeni kwa wenye mamlaka kama ushahidi kwamba jambo hili linawezekana na kwamba gharama yake inajulikana.

*Nimesimamia klabu kwa miaka miwili. Ufadhili unakwisha baada ya miezi miwili na hatujapata mwingine. Watoto bado hatujawaambia. Nawaambiaje? — Msimamizi*

Pole, dada au kaka. Waambie wiki hii. Wazazi kwanza, kwa sababu ndio watakaoulizwa usiku, na uwaeleze wazi kwamba fedha imekwisha na kwamba hakuna mtoto aliyekosa. Watoto wengi hudhani kitu kikifungwa ni wao walioharibu. Kisha waambie watoto kwa maneno mafupi na ya kweli. Usiseme "tutapumzika kidogo" kama hujui mtarudi lini, kwa maana kuna atakayesubiri mlangoni kila Jumamosi.

Weka ukutani kalenda yenye visanduku vinane, kimoja kwa kila kikao kilichobaki, na kila mtoto kwa zamu afute kimoja. Kikao cha mwisho kisigeuzwe sherehe yenye kelele. Kiwe kama vingine, kwa meza zilezile na kanuni zilezile, isipokuwa kwamba kila mtoto ataondoka na picha ya kitu alichojenga na wenzake, pamoja na vitofali vichache atakavyovichagua mwenyewe. Vinavyobaki msivigawe vyote kwa taasisi nyingine haraka haraka. Angalia ni watoto gani wamezoea kukaa meza moja, uwaulize wazazi wao kama wako tayari kupeana namba za simu na kupokezana nyumba, wawili wawili au watatu watatu, na kila kundi litakalokubali likabidhiwe sanduku moja lenye michoro yake. Andika pia ukurasa mmoja kwa kila mtoto, mzazi abaki nao: anapenda kuanza na nini, nini kinamlemea, anatulizwaje, na jina la rafiki anayemtafuta akiingia.